Kuonja Si Kunywa

Kabla sijawasimulia nilivyougua, lazima niwaambie kuhusu ulimi wangu, maana ugonjwa wenyewe ulipitia hapo. Nilikuwa na ulimi wa sifa! Kuanzia Kitengela hadi Isinya, na hata Nkoroi huko upande wa Rongai, familia ya Kikuyu ikitaka kupeleka ruracio, yaani mahari, na ikitaka muratina isiyowaaibisha mbele ya wakwe, ilikuja kwangu. Walikuja na kibali cha pombe kutoka kwa chifu mkononi, wakaketi, wakanywa chai, wakauliza kama nina nafasi mwezi fulani. Kazi hiyo kwetu ni ya wanaume, lakini baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume na hakutaka kufa na ujuzi wake, basi akanifundisha mimi, kitinda mimba wake. Nilipoolewa na Karanja nikaja nao Kitengela.

Asiyeijua muratina ajue kwamba ni pombe ya asali na maji ya miwa, inayoumuliwa kwa tunda kavu la mvungunya. Kuitengeneza si kazi. Kazi ni kujua siku na saa ya kuichuja. Ukiiwahi ni juisi, ukiichelewa ni siki. Nilikuwa na mapipa matano ya plastiki nyuma ya nyumba, yamefunikwa mablanketi makuukuu yasipate baridi, na kuanzia siku ya pili nilianza kuonja: asubuhi, saa sita, jioni. Nachota kwa kata ya kibuyu, navuta harufu, nazungusha mdomoni, nameza, nangoja. Kumeza ilikuwa lazima, maana baba alinifundisha kwamba muratina haisemi ukweli mdomoni, inausema kooni. Nikiwa na shaka naonja tena. Pipa moja likiwa kali nalichanganya na jirani yake, halafu naonja mchanganyiko.

Sikuwahi kulewa hata siku moja, na jambo hilo nilijivunia kweli kweli. Wanaume walipepesuka kwa nusu ya kile nilichoonja, na mimi huyoo, nimekwenda zangu kufua nguo. Mtu akiniuliza kama nakunywa, nilimjibu hapana, na moyoni sikuwa nadanganya. Wanaokunywa nilikuwa nawajua. Walilala mitaroni, waliuza mabati ya nyumba zao. Mimi nilikuwa kazini. Baba mkwe wangu, Mzee Ndung'u, aliyeishi nasi boma moja, alikuwa na usemi wake aliopenda kuwaambia wateja huku akinionyesha kwa fimbo: kuonja si kunywa. Wote tulicheka, tukaukubali.

Mimba yangu ya kwanza ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Kliniki waliniuliza kama nakunywa pombe, nikasema hapana, muuguzi akaandika hapana kwenye kadi akaenda kwenye swali lingine. Simlaumu. Aliuliza alichopaswa kuuliza na mimi nikamjibu nilichoamini. Karanja alikuwa mume mwema, na tumbo lilipokuwa kubwa nisiweze kuinama, yeye ndiye aliyenichotea kata na kuniletea mdomoni.

Njoki alizaliwa mdogo, kilo mbili kasoro. Alinyonya kwa shida, alilala kwa shida, na hakutamka neno la kueleweka hadi alipofika miaka mitatu na nusu. Shuleni alirudia darasa la kwanza. Sisi tulikuwa na maelezo yetu. Kwa desturi yetu binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba, na marehemu huyo, bibi yake Njoki, alikuwa mtu wa maneno machache sana. Basi tukasema mtoto amelifuata jina lake. Mzee Ndung'u alifurahi kuliko wote. Alimwita Njoki mke wangu, kama wazee wetu wanavyowaita wajukuu waliobeba majina ya wake zao, na kila kipande laini cha nyama kilikuwa cha mke wake huyo. Miaka saba tuliishi na maelezo hayo, na hakuna aliyetafuta mengine.

Mwaka wa elfu mbili, nikiwa nimeshaacha hata kuhesabu siku zangu, nikashika mimba ya pili. Nilifurahi nikamwambia Karanja kabla hata hajavua koti, kisha nikatoka kumwambia Mama Hodhan kabla sijamalizia sentensi. Mama Hodhan ni mama Msomali mwenye duka la unga, chai na maziwa ya ngamia karibu na barabara ya Namanga, na kwa miaka yote hiyo ndiye niliyekuwa nikinunua kwake sukari ya kuongezea asali, akijua wazi inakwenda wapi, na hajawahi kunihubiria. Alinishika mkono akaniombea dua palepale kaunta, wateja wakingoja.

Lakini mwaka ule ulikuwa wa ukame. Mvua za masika zilipita bila kunyesha, mifugo ya Wamaasai ikaanza kufa kando ya barabara, asali ikakosekana kabisa huko Kisaju nilikoinunua. Nani apeleke ruracio na mbuzi wamekwisha? Wateja wakaacha kuja. Mwezi wa nane, kwenye ule upepo wa baridi wa Kitengela unaoingia hadi mifupani, mapipa yangu yakakauka kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

Siku ya kwanza nilidhani nimechoka tu. Siku ya pili nilimwaga uji wa Njoki mara mbili, mikono ikitetemeka. Nikalowa jasho katika baridi ile. Moyo ulidunda nikausikia masikioni, chakula hakikukaa tumboni, na asubuhi ya siku ya tatu nikaanza kukung'uta siafu kwenye blanketi, siafu ambao Karanja hakuwaona. Alikimbia kuninunulia dawa ya malaria. Niliitapika. Mzee Ndung'u alisema ni mimba tu, wanawake wa siku hizi ni laini. Mimi sikuwaza juu yangu kabisa. Nililala nimelishika tumbo kwa mikono miwili, nikimwambia mtoto asitoke, bado, asitoke.

Mama Hodhan alipokosa kuniona dukani siku tatu alikuja mwenyewe. Aliniangalia mikono, akaniangalia macho, akawageukia wanaume wangu wawili waliokuwa wamesimama tu. Ndugu yake alikuwa anapeleka mbuzi soko la Kajiado na pikapu asubuhi hiyo hiyo.

"Hii si malaria, Mama Njoki," akasema. "Malaria mimi naijua. Vaa viatu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia Kajiado, nimekaa mbele nimefungwa shali ya Mama Hodhan, mbuzi wakilia nyuma, na mimi naomba gari lisiruke matuta. Katika hospitali ya Kajiado tuliketi kwenye benchi refu la rangi ya kijani, na benchi hilo nililijua baadaye kuliko viti vya nyumbani kwangu. Kina mama wa Kimaasai walikuwa wamekaa na shanga zao, mmoja akanisogezea mtungi wake wa maji bila kuniuliza mimi ni nani. Nikamwaga nusu kifuani kwa mtetemo. Akacheka kidogo, akanishikia mtungi hadi nikanywa. Jina lake sikulijua na sijamwona tena, lakini nikimkumbuka hadi leo nafurahi.

Muuguzi aliyenipokea aliitwa Sista Naserian. Mwanamke mrefu, mtaratibu, wa hapo hapo Kajiado. Alinisalimu kwa Kimaasai, takwenya, nikaitikia iko, maana salamu hizo tunazijua sote huku. Daktari akanipima, wakanipa kitanda. Wakaniuliza kama nakunywa pombe. Nikasema hapana, na Karanja, aliyefika kwa gari lingine, akasema hapana kwa sauti ya kuudhika. Sista Naserian aliangalia kadi yangu ya kliniki, akaangalia mikono yangu, hakubishana. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia natengeneza muratina ya ruracio, tena nikamwambia kwa majivuno, hata katika hali ile. Akauliza nani anaonja. Mimi, nikamjibu, nani mwingine?

Alitoka, akarudi na jagi la maji la lita moja, kikombe cha plastiki, na beseni tupu. Akaviweka mbele yangu kitandani.

"Kama unakunywa, hiyo sitaki kujua," akasema. "Nataka unionyeshe vile unaonja. Usimeze. Kila pahali ungemeza, mwaga kwa beseni. Anza asubuhi."

Jamani, nilifurahi! Mtu aliyetaka kujua kazi yangu! Mikono ilikuwa haishiki vizuri kwa hivyo yeye akanishikia jagi, mimi nikawa naongoza. Hili ni pipa la kwanza, asubuhi. Kikombe hiki ni kama kata yangu, labda kata ni kubwa kidogo. Nikamwaga. Pipa la pili, nikamwaga. La tatu huwa na matata kwa sababu liko karibu na ukuta wenye baridi, hilo naonja mara mbili. Nikamwaga, nikamwaga. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama, na mimi nikazidi kupanda, nikaeleza mambo ya asali ya msimu wa kiangazi na asali ya msimu wa mvua, nikaeleza kwa nini mtu asiyemeza hawezi kujua mwisho wa ladha. Mama mmoja mzee akaniuliza swali, nikamjibu kama mwalimu. Sista akaenda kujaza jagi. Tukafika saa sita mchana. Akaenda kulijaza tena. Tulikuwa bado hatujafika kwenye kuchanganya.

Ni hapo ndipo nilipoangalia chini. Beseni lilikuwa limejaa. Maji yalikuwa yamefika ukingoni, yanatikisika, na Sista amelishika kwa mikono miwili yasimwagike shukani. Nilikiweka kikombe kitandani. Yule mama mzee akajifanya anakunja leso.

"Hiyo ni siku moja," Sista Naserian akasema polepole. "Na jioni bado."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Si aibu ya kukamatwa, maana sikuwa nimejificha. Ilikuwa aibu ya kuwa mimi, mjuzi wa kuonja, niliyejua tofauti ya saa moja ndani ya pipa, sikujua kitu kilichopita kooni mwangu miaka yote ile. Halafu nikamkumbuka Njoki. Halafu mkono wangu ukashuka tumboni peke yake. Nikaanza kulia kwa sauti, na Karanja akalia pia, yule aliyenichotea kata kwa mapenzi ili nisiiname.

Daktari hakunitisha wala hakunibembeleza. Alisema mwili wangu umezoea pombe na sasa unaililia. Alisema kuacha ghafla nyumbani kungeweza kuniua, mimi na mtoto pamoja, na kwamba nimebahatika kufika. Nilimwuliza jambo moja tu, kama mtoto huyu ameshaharibika. Akasema hawezi kujua. Akasema lililopita hatuwezi kulirudisha, lakini kila siku kuanzia leo ambayo hanywi ni siku njema kwake, na bado ana miezi mitano ya kukua. Miezi mitano! Nililishika neno hilo kama mtu aliyepewa shamba. Nilikuwa nimedhani ameniambia mlango umefungwa, kumbe ameniambia uko wazi nusu.

Nilikaa siku tisa. Walinipa vidonge vya kutuliza, vingi mwanzoni, kila siku wakipunguza. Siku mbili za kwanza sizikumbuki vizuri. Siku ya nne jasho lilikauka. Siku ya sita niliinua kikombe cha chai kutoka mezani hadi mdomoni bila kumwaga tone, na yule mama mzee wa kitanda cha jirani akapiga kigelegele kimoja kidogo, wodi nzima ikacheka. Siku ya nane, nikiwa nimelala ubavu, mtoto akanipiga teke. Teke la kweli, si kutekenywa. Nilimwita Sista kwa sauti hadi akaja mbio akidhani nimeanguka.

Kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Nilimwambia Karanja ayaondoe mapipa kabla sijafika, na aliyaondoa, lakini harufu ilikuwa imeingia ukutani. Asubuhi mwili uliamka wenyewe kwenda nyuma ya nyumba. Mdomo ulikosa kazi. Sijui kama mtu mwingine atanielewa, lakini ulimi wangu ulikuwa na upweke. Nililala sana, nikala udongo wa kununua, miguu ikavimba, nikamkaripia Njoki bila sababu, nikajuta. Mzee Ndung'u aliacha kula chakula nilichopika. Aliwaambia watu kwamba nimewekewa maneno kichwani na watu wa hospitali, kwamba mama yake alionja akazaa watoto tisa, na kwamba sasa jina la boma letu limekwisha.

Mama Hodhan ndiye aliyenipatia ulimi wangu kazi. Alikuwa akiuza chai ya maziwa kwa wafanyabiashara wa mifugo waliopita dukani kwake, na siku moja akaniwekea vikombe vitatu akaniambia wateja wanalalamika, nimwambie tatizo ni nini. Nikaonja. Iliki ilikuwa ya zamani katika kimoja, tangawizi ilitangulia maziwa katika kingine. Nilimweleza robo saa nzima! Kesho yake nikarudi, na kesho kutwa. Baadaye niligundua kwamba hakuna mteja aliyekuwa amelalamika. Nilimfuata nikamshtaki kwa uongo huo, akasema Mungu atamsamehe, akaniongezea maziwa ya ngamia.

Kila Jumatatu nilikwenda Kajiado, kwenye lile benchi la kijani. Wengine huhesabu mimba kwa miezi, mimi niliihesabu kwa Jumatatu. Sista Naserian hakuniuliza tena kama nakunywa. Aliniuliza nimemeza nini tangu Jumatatu iliyopita, nami nikamtajia yote, uji, chai, maziwa, hadi dawa ya kikohozi niliyoikataa. Jumatatu ya tano alipima tumbo akasema mtoto anakua. Jumatatu ya kumi akasema anakua vizuri. Nilitoka pale nikitembea upesi hadi nikapitiliza kituo cha gari.

Mvua za vuli zilinyesha mwaka ule, Mungu ashukuriwe. Nyasi zikachipuka Kisaju, asali ikarudi, na mipango ya harusi ikafufuka. Na nani awe wa kwanza kupeleka ruracio mwezi wa kumi na mbili? Shemeji yangu mdogo, kitinda mimba wa Mzee Ndung'u. Muratina ilibidi itoke kwetu. Mzee na Karanja wakaazima mapipa, wakaitengeneza nyumbani kwa jirani kwa kufuata walichokumbuka. Siku ya nne, alasiri, nikiwa nimekaa nje nachambua maharagwe na tumbo la miezi minane mbele yangu, Njoki yuko karibu anapanga kuni, Mzee akaingia na kata mkononi. Alikuwa hajanisemesha kwa wiki nyingi. Sasa aliniita kwa jina langu la usichana kwa upole, jambo alilofanya mara moja tu, siku aliyonipokea kama mkaza mwana.

"Wairimu," akasema, "wazee wa pale watatucheka. Ni tone tu. Onja, uniambie kama ni leo ama kesho."

Harufu ilinifikia kabla ya kata. Nawaambia ukweli kwa sababu naandika kwa ajili ya mtu anayepitia haya: mate yalinijaa mdomoni, na mkono wangu ulinyooka ukaipokea. Nilijua kwa harufu tu kwamba inahitaji siku moja zaidi. Ningeweza kumwambia hivyo tukamaliza. Lakini nilijua pia kwamba kesho angekuja tena, na kwenye mimba nyingine, na kwa bibi harusi mwingine, na kata ile isingekwisha kuja hadi mtu aseme neno ambalo katika boma letu halijawahi kusemwa.

"Baba," nikasema, "mimi sionji. Mimi nakunywa. Nilikunywa nikiwa na huyu Njoki tumboni, kila siku. Huyu mwingine nataka nimwachie nafasi yake."

Mzee alimtazama Njoki, aliyekuwa bado anapanga kuni, ndogo na ndogo, kubwa na kubwa, ulimi umetoka kidogo pembeni kama kawaida yake akijitahidi. Alimtazama muda mrefu, huyo mke wake mdogo, na nikaona hesabu ikipita usoni mwake, miaka mitatu na nusu bila neno, darasa la kwanza mara mbili. Alinyoosha mkono akaichukua kata. Akaimwaga mchangani, si kwa kutambika, akaondoka bila kuniaga. Kisha nikamaliza kuchambua maharagwe yangu.

Muratina ile walichuja kwa kukisia. Karanja alionja kwa niaba yangu, akafika pipa la tatu akiwa anaimba. Walipoifikisha kwa wakwe ilikuwa siki tupu, mzee wa kwanza kunywa alifumba jicho moja, wa pili akauliza kama ni ya kunyunyizia kachumbari. Nilicheka niliposimuliwa hadi nikaogopa nitazaa! Lakini Karanja aliniambia jambo lingine. Alisema Mzee Ndung'u alisimama mbele ya wakwe, mtu mwenye kiburi kile, akasema mtengenezaji wao ana mimba na hawezi kugusa pombe, na kama wanataka bibi harusi wao naye azae vizuri wasimpe hata ya kuonja. Wakaleta soda. Msichana alitolewa bila shida, na hadi leo wanatuita familia ya kachumbari.

Wangari alizaliwa mwezi wa kwanza, Kajiado, saa tatu asubuhi, kilo tatu na robo! Alilia kwa nguvu hadi Sista Naserian akasema huyu atauza mitumba sokoni bila kipaza sauti. Nilimhesabu vidole, nikamhesabu tena. Nilikuwa na furaha hadi nikashindwa kulala mchana wote, na Mzee alikuja, akasimama mlangoni mwa wodi, akatema mate kidogo kifuani mwake mwenyewe kubariki kama ilivyo desturi, lakini safari hii mdomoni hapakuwa na muratina.

Hata hivyo daktari alinikumbusha kwa upole kwamba miezi minne ya mwanzo ilikuwepo. Mambo mengine hayaonekani kwenye mizani, alisema, yanaonekana mtoto akikua, anapotembea, anaposema. Kuhusu Njoki alisema hawezi kuapa, lakini inawezekana sana, na akatupa barua ya kumpeleka kwa mwalimu anayejua kufundisha watoto wanaojifunza taratibu. Njoki akaanza kusoma. Taratibu, ndiyo, lakini anasoma. Niliomba msamaha kwake nikiwa nimepiga magoti, akaniuliza kwa nini niko chini.

Ukisoma haya na una mimba, au unatamani kuipata, usijiulize kama unakunywa. Sote tuna jibu la swali hilo. Chukua beseni. Mwaga ndani yake kila kinachopita kooni kwa siku moja, cha sherehe, cha baridi, cha kuongeza damu, cha kazi, halafu uangalie chini. Ukiona mikono inatetemeka ukikosa, usijifungie ndani ukaacha peke yako, nenda hospitali, waambie yote. Usiseme umechelewa. Na wewe uliye mume, au mkwe, au rafiki, kata hiyo irudishe ulikoitoa.

Nami nikabaki kungoja. Wangari alikaa kwa wakati wake, akatambaa, akatembea akiwa na miezi kumi na moja. Lakini maneno hakuna. Alibwabwaja tu, na mimi nikayapima mabwabwajo yake kila siku jinsi nilivyopima mapipa. Mwaka ukapita. Mwezi mmoja juu yake. Karanja aliniambia niache kumkodolea mtoto macho. Sikuweza. Kila nilipomwangalia niliona ile miezi minne.

Ilikuwa asubuhi, dukani kwa Mama Hodhan, ambako sasa nilikuwa ndiye mpika chai. Njoki hakuwa na shule siku hiyo, alikuwa amekaa kwenye gunia la mchele na mdogo wake. Wangari akainuka, akashika ukingo wa kaunta, akanyoosha mkono juu akasema, "Aano." Sikugeuka hata. Bwabwajo lingine. Akasema tena, aano, aano, kwa hasira. Nikasikia kikombe kimeanguka. Mama Hodhan alikuwa amesimama na mikono kichwani.

"Mama Njoki, umesikia?" akasema. "Ameitisha maziwa. Kisomali, mtoto wangu ameitisha maziwa na Kisomali."

Caano, ndivyo wanavyoyaita, na hiyo c masikio yetu hayaisikii. Neno la kwanza la binti yangu lilikuja katika lugha nisiyoijua, na mimi, mwenye masikio wazi mwaka mzima, nililikosa. Nililia, nikacheka, nikambeba nikamzungusha, wafanyabiashara wakaacha chai zao wakipiga makofi. Nikamwuliza Mama Hodhan kama ana hakika, nikamwuliza mara tatu. Ndipo Njoki akasema kutoka kwenye gunia lake, bila kuinua macho, kwa ile sauti yake ya polepole:

"Husema kila siku. Mimi humpatia."

Tulimgeukia sote. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Hukuniuliza," Njoki akasema, akashuka guniani, akaenda kumchotea mdogo wake maziwa.